Ufunguo Kwenye Pindo la Sketi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kétsia alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kumtoa kuku wa mdogo wake chini ya kitanda, na kupanda ngazi apanguse paneli ya jua iliyofungwa juu ya bati. Ya kwanza aliifanya kwa uvivu, ya pili kwa manung'uniko, na ya tatu kwa fahari. Pale Masisi-centre nyumba zenye paneli zilikuwa za kuhesabika, na kutoka juu ya ngazi msichana wa miaka kumi na miwili aliweza kuiona barabara yote mpaka pale inapopinda kuelekea Kingi.

Paneli ile ililisha kompyuta ya baba yake. Papa Valentin Kataliko alikuwa mchora ramani za majengo. Alitoka Butembo zamani, kompyuta yake imo ndani ya katoni ya sabuni, akaoa, akakaa. Vita vilipobomoa shule, yeye ndiye aliyechora shule mpya. Vilipounguza soko, yeye ndiye aliyechora soko.

"Hawa watu wa bunduki njo wateja wako wa kwanza," mkewe, Mama Kaswera, alizoea kumtania. "Shida yao moja tu, hawalipaki."

Wiki ile alikuwa anachora nyumba ya kuzalishia akina mama kule Pinga. Ile ya zamani iliungua pamoja na vitanda vyake. Mkunga wa huko, Mama Pétronille, alikuwa amesafiri kwa pikipiki siku nzima, matope mpaka kwenye kope, kuja kuiomba ramani hiyo. Alisema atarudi kuichukua baada ya mwezi mmoja.

Kompyuta ya Papa Valentin ilikuwa na programu ya kuchorea, na programu hiyo ilikuwa na maringo yake. Haikukubali kufunguka mpaka uchomeke ubavuni mwa kompyuta kijiti cha plastiki ya kijani, urefu wa kidole gumba, chenye ulimi wa chuma. Papa aliuita ufunguo. Ukiuchomeka, kitaa chake kiliwaka na mistari ikaanza kutembea kwenye kioo. Ukiuchomoa, programu ilifunga mdomo, hata ungeibembeleza namna gani.

Alhamisi moja asubuhi Papa alikuwa na karatasi mkononi, orodha ya bei kutoka kwa Papa Nzabandora, mwenye duka la programu kule Goma. Ilikuwa na maandishi mbele na nyuma.

"Dola sabini!" Mama Kaswera alisema, anachambua maharage mlangoni. "Kila mwaka unatuma dola sabini za matunzo, na hicho kitu hakijakohoa hata siku moja. Mbuzi wangu, tangu nimemununua, sijamulipia muntu matunzo, na anazaa."

"Mbuzi wako hatoi toleo jipya kila mwaka."

"Anatoa! Mwaka jana alitoa matoleo mawili, mapacha."

Papa alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamwita bintiye. "Njoo uone, mama. Siku moja hii kazi itakuwa yako. Kuinunua programu mara ya kwanza ni dola elfu moja na mia mbili. Nilichora nyumba za watu miaka miwili njo nikaipata. Kila mwaka wenyewe wanatoa toleo jipya. Ukiwa umelipa matunzo, dola sabini, unapewa toleo hilo bila kuongeza kitu. Ukiruka mwaka mmoja, kupanda toleo jipya ni dola mia sita. Ukiruka miwili, huna chako tena, unanunua upya."

"Na ukibaki na la zamani?"

"Litachora. Lakini watu wa Goma wakinitumia michoro ya toleo jipya, langu haliwezi kuisoma. Nitakuwa kama muntu aliyepewa barua na hajui herufi." Papa akaigeuza karatasi. "Sasa angalia huku nyuma. Mstari wa mwisho ni wa maana kuliko yote. Unasema kwamba huu ufunguo ukiwa ume—"

Hakumaliza. Upande wa Kingi kitu kilipasuka, kikanyamaza, kikapasuka tena mara nyingi kama mahindi kwenye kikaango. Mama Kaswera alisimama na maharage yakamwagika yote. Hakuna aliyeyaokota.

Katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi za Masisi miaka hiyo ya vita, kila mtu alikuwa na mzigo wake wa kukimbia nao. Haukugawiwa siku ya mbio, kwa sababu siku hiyo hakuna mwenye kichwa cha kugawa. Uligawiwa siku ya utulivu, mezani, na watoto wakaukariri kama katekisimu. Mama alibeba unga, chumvi na sufuria. Papa alibeba kompyuta, imefungwa ndani ya turubai. Darius, mwenye miaka minane, alibeba kuku wake, kwa kuwa bila kuku asingekubali kukimbia. Na Kétsia alibeba ufunguo.

Mama alikuwa ameshona kijifuko ndani ya pindo la sketi yake ya bluu ya shule, kikatosha ufunguo tu. "Kompyuta wakiichukua, nitatafuta nyingine," Papa alimwambia siku ya kumkabidhi. "Programu njo imefungiwa kwenye huu ufunguo. Umebeba kazi yangu yote, unasikia?" Kétsia alisikia. Kila alipotembea, kijiti kile kilimgonga kwenye goti, tik, tik, na alijiona mtu mzima.

Basi walikimbia. Walipanda milima pamoja na watu wengine, mvua ikiwapiga mgongoni, kwenda Nyamitaba kwa Mama Brigitte, mkulima aliyekuwa rafiki wa Mama Kaswera. Njiani walikuta barieri. Vijana watatu wenye bunduki walikuwa wamelaza mti katikati ya barabara. Mmoja, mwenye kofia nyekundu, alipapasa magunia, akautazama mzigo wa Papa bila hamu, kisha macho yake yakamwangukia kuku.

"Huyu amechoka kutembea," alisema. "Atapumzika hapa."

Darius alifungua mdomo apige kelele. Mama akauziba kwa kiganja. Walipita kimya, familia nzima ikiwa imelipa kuku mmoja. Hatua mia moja mbele Kétsia aligusa pindo lake. Ufunguo ulikuwepo. Hakuna aliyeuona. Alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Kwa Mama Brigitte waliota moto mpaka mvuke ukawatoka. Asubuhi ya pili watu wazima walitoka kwenda kusikiliza habari za barabara, na Mama akamwachia Kétsia nguo zote mbichi.

"Zianike mbali na moto, uzigeuze. Usitoke hapa."

Kétsia alifunga kikwembe cha Mama Brigitte, akazitandaza nguo kwenye kamba iliyopita jikoni. Sketi ilikuwa nzito kwa maji, pindo lake hasa, na akafikiri kwamba karibu na mafiga itakauka upesi, akaisogeza huko. Ndipo Anne, binti wa Mama Brigitte, alipochungulia mlangoni.

"Dada, kwa Papa Kabera wanakamua jibini. Ukifika sasa hivi unapewa makombo ya chumvi."

"Nimeambiwa nisitoke."

"Kwani nguo zitakimbia? Zenyewe hazina miguu."

Hazikuwa na miguu, kweli. Lakini kamba ilikuwa ya migomba, na kamba ya migomba ikipata joto hulegea. Kétsia aliyaonja makombo, akatazama jinsi mawe yanavyowekwa juu ya jibini ili maji yatoke, akaonja tena. Aliporudi, alisikia harufu kabla ya kuona. Kamba ilikuwa imeshuka, na pindo la sketi lilikuwa limelala juu ya figa.

Aliivuta. Pindo lilikuwa na tundu jeusi la ukubwa wa kiganja. Ndani yake, ufunguo wa kijani ulikuwa umejikunja na kuvimba upande mmoja, kama pipi iliyotafunwa ikatemwa. Ulimi wa chuma tu ndio uliobaki umenyooka.

Alikaa nao mkononi. Alisikia kikohozi cha baba yake nje, kikikaribia. Kando ya mafiga ulikuwapo mpira ambao Darius alikuwa anausuka kwa majani makavu ya migomba, tangu kuku wake alipochukuliwa, ili apate cha kubeba. Bado ulikuwa wazi katikati. Bila kufikiri, Kétsia alisukuma ufunguo ndani ya majani, akapiga kamba mizunguko mitatu, akafunga fundo.

Papa Valentin aliingia akitabasamu. "Njia imefunguka, kesho tunarudi. Ufunguo wangu haujambo?" Kisha akaiona sketi na lile tundu. "Hapa pamekuwa nini?"

Na uongo ukatoka wenyewe, umevaa na kuchana nywele, kana kwamba ulikuwa unangoja mlangoni kwa muda mrefu.

"Papa… kule barieri. Yule wa kofia nyekundu. Alipasua pindo akachukua. Nilikuwa na woga kusema. Leo nilijaribu kukausha, ndipo ikaungua pale alipopasua."

Papa aliketi juu ya kigoda na kuyatazama mafiga. Kétsia alingoja kufokewa, kisha akaombea afokewe. Hakufokewa. Baba yake alimshika kichwani na kusema, "Hakukuumiza?" Hilo lilimuuma kuliko fimbo.

Walirudi Masisi-centre kwa njia ya milimani, isiyopita barieri. Nyumba ilikuwa salama, maharage yamechipua mlangoni. Darius aliingia mpira wake kwapani na siku hiyohiyo akauanzishia mechi. Wavulana wote wa mtaa waliusifu: ulikuwa mzito kuliko mipira mingine, na ukiupiga ulikwenda kombo kama umelewa. Kétsia peke yake ndiye aliyejua kwa nini. Kila aliposikia teke, aliziba masikio.

Papa alipanda hadi pale kwenye mtandao wa simu, karibu na kanisa, akampigia Papa Nzabandora. Kétsia alimfuata akijidai anabeba mwavuli. Sauti ya Goma ilisikika wazi.

"Ufunguo umepotea kabisa, Papa Valentin? Hata kipande huna?"

"Umechukuliwa."

"Eee. Basi pole sana. Uliopotea hatuna namna, kampuni haiwezi kujua ni nani anautumia sasa. Matunzo umelipa vizuri, lakini kwa uliopotea hayasaidii. Ni kununua upya. Elfu moja na mia mbili."

Papa alishukuru, akakata simu, akabaki ameishika kama anapima uzito wake.

Kompyuta ilikaa mezani na kitambaa usoni. Kétsia aliendelea kupangusa paneli, ingawa haikuwa na wa kumlisha. Shuleni mwalimu alimwuliza mara mbili mji mkuu wa nchi yake mwenyewe, akajibu, "Barieri." Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Kisha Mama Pétronille akafika kutoka Pinga, mapema kuliko alivyoahidi, nyuma ya pikipiki ya Straton, dereva aliyezijua njia zote za Walikale na mashimo yake kwa majina.

"Papa Valentin, mafundi wako tayari, mawe wamekusanya," alisema. "Juzi nilizalisha chini ya turubai. Mvua iliingia. Tulimfunika mutoto kwa ndoo. Ramani iko?"

Papa alimweleza. Mkunga alisikiliza mpaka mwisho, akafunga na kufungua kilemba chake, akasema atakaa kwa ndugu zake angoje, pengine Mungu atafungua njia.

Kesho yake jioni, wakiwa wanakula, Papa aliweka kijiko chini.

"Nitakwenda kule barieri."

"Kufanya nini?" Mama Kaswera aliuliza.

"Kuomba ufunguo. Kwao ni plastiki tu. Nitawapelekea mbuzi, wanirudishie."

"Papa Kétsia! Mbuzi utamupeleka, na mwanaume nani atamurudisha kwangu? Wale hawaulizwaki."

"Nitauliza kwa heshima. Kétsia amemuona aliyechukua. Ni wa kofia nyekundu, njo yeye?"

Kétsia alirudisha tonge la ugali kwenye sahani. Alitafuta mlango mwingine wa kutokea. "Papa, pengine… pengine aliutupa tu."

"Basi nitamuomba ruhusa niutafute kwenye majani."

"Pengine si yeye. Pengine nilikosea."

"Nitawauliza wote watatu."

Kila alipoziba tundu moja, uongo ulifungua jingine. Kesho yake, njiani kutoka shule, alimwuliza rafiki yake Benoît, kana kwamba ni jambo la mbali, kama watu huwa wanakwenda barieri kudai vitu vyao.

"Mjomba wangu alikwenda kudai baiskeli," Benoît alisema. "Alimwambia yule kijana, wewe njo mwizi wangu."

"Akapewa?"

"Alirudi baada ya siku nne, bila viatu na bila meno ya mbele. Mpaka leo ukimtajia baiskeli, anaingia ndani." Benoît alimtazama. "Mbona unatetemeka? Ni malaria?"

"Ndiyo," Kétsia alisema. Hapo akatambua kwamba sasa anasema uongo hata pale ambapo hakuna aliyemlazimisha.

Jumamosi Papa Valentin alivaa koti lake la kanisani. Straton alikubali kumfikisha mpaka kwenye kona ya mwisho kabla ya barieri. "Mimi njo nitageukia pale," alisema. "Pikipiki yangu ingali changa." Mbuzi alifungwa nyuma kwa kamba ya mpira, kichwa kimetokeza, akawa analia kama anayeijua safari. Mama Kaswera alisimama mlangoni, mikono kifuani. Hakumtania mumewe hata kidogo, na hilo lilitisha kuliko lolote.

Papa alimwinamia Kétsia. "Usijilaumu. Hukuwa na nguvu za kumzuia."

Pikipiki ikaondoka. Kétsia aliitazama ikishuka, ikipita soko, ikishika njia ya kwenda barieri. Kichwani mwake aliiona kofia nyekundu ikigeuka. Alimsikia baba yake akisema kwa adabu yake yote: ndugu yangu, binti yangu anasema wewe ndiye uliyechukua. Na yule kijana alikuwa hajachukua kitu chochote ila kuku.

Miguu yake ilikimbia kabla hajaiambia. Alishuka bondeni kwa njia ya mkato, akavuka shamba la mihogo ya watu, akapoteza kandambili moja. Alitokea barabarani kwenye meza ya muuza petroli. Mungu ni mwema: Straton alikuwa amesimama pale, anamimina chupa ya petroli huku analalamikia bei.

"Papa! Usiende!" Alilishika koti la kanisani kwa mikono miwili. "Hakuchukua! Yule wa kofia hakuchukua. Niliunguza mimi. Nilikwenda kula jibini, sketi ikaanguka motoni, ufunguo ukaungua. Nilikudanganya!"

Straton aliacha kumimina. Hata mbuzi alinyamaza.

Uso wa Papa Valentin ulibadilika mara nyingi, na Kétsia aliuogopa kila mara. "Umeungua," alisema taratibu. "Haukupotea."

"Umeungua, Papa. Umekunjika wote."

"Na uko wapi?"

"Ndani ya mpira wa Darius."

"Ndani ya nini?"

Waligeuza pikipiki, wanne kwa idadi ukimhesabu mbuzi, wakapanda kasi mpaka kwenye uwanja nyuma ya kanisa. Mechi ilikuwa imefika mbili kwa mbili, na wavulana hawakuona sababu ya kuisimamisha.

"Papa, ngoja kwanza penalti!" Darius alilia.

"Lete mpira."

"Lakini, Papa, ni penalti yetu!"

Papa Valentin Kataliko, mchora ramani mwenye koti la kanisani, aliingia uwanjani na kuudaka mpira kwa mikono. Timu zote mbili zilipiga kelele kwamba ni madhambi. Alipiga magoti kwenye nyasi, akakata kamba, akafumua majani ya migomba moja baada ya jingine. Kétsia alisimama nyuma yake. Labda umedondoka. Labda umesagika, siku zote hizo za mateke.

Kikatoka kijiti cha kijani, kimekunjika na kujaa vumbi. Papa aliusugua ulimi wa chuma kwa kidole, akausogeza machoni, akasoma namba zilizochorwa pale. Kisha akakaa chini, katikati ya uwanja, akaanza kucheka. Machozi yalimtoka. Straton alimnong'oneza Kétsia, "Papa yako eko sawa?"

Nyumbani, Papa aliitoa ile karatasi ya bei, akaigeuza nyuma. Mama Kaswera alikuwa amekwisha sikia yote na alikuwa amesimama karibu na Kétsia, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukiwa bado haujaamua.

"Soma mstari wa mwisho," Papa alisema. "Ule nilioukatiza siku ile."

Kétsia alisoma: "Ufunguo ukipotea, mteja atanunua programu upya kwa bei kamili. Ufunguo ukiharibika, mteja aliyelipa matunzo ataurudisha, hata kipande chake chenye namba, na kupewa mwingine kwa dola arobaini."

Alisoma tena, kimya. Arobaini.

"Siku ile kule Nyamitaba," Papa alisema, "kama ungeniambia umeungua, ningekasirika. Ningefoka, pengine nyumba ya Mama Brigitte ingesikia. Kisha ningeweka hiki kipande mfukoni na tungelala."

Kétsia alilia sasa, kilio kilichokuwa kimengoja zaidi ya wiki. "Nilifikiri ukiwa umechukuliwa, si kosa la muntu."

"Kosa lilikuwa dogo. Uliacha kazi uliyopewa ukafuata makombo ya jibini, na nguo zikaungua. Watoto wanaunguzaka vitu, hata mimi niliunguza nyumba ya sungura ya babu yako. Lakini angalia uongo ulitaka nini. Kwanza ulitaka dola elfu moja na mia mbili. Hazikuwepo. Kisha ukataka mbuzi wa mama yako. Kisha ukataka nyumba ya wazazi wa Pinga. Na leo asubuhi ulikuwa unataka mimi mwenyewe, na yule kijana ambaye angesingiziwa ufunguo asiouchukua."

Mama Kaswera aliuamua ule mkono wake. Aliuweka begani kwa bintiye, kwa uzito kidogo. "Utalima shamba langu lote la maharage Jumamosi nne. Na Darius unamdai— aa, yeye njo anakudai mpira."

"Na penalti," Darius alisema kutoka mlangoni.

Straton alipeleka kipande kile Goma, kimefungwa ndani ya bahasha pamoja na risiti ya matunzo na dola arobaini. Njia ilikuwa mbaya, na kwa siku kumi na moja kila pikipiki iliyonguruma ilimtoa Kétsia nje mbio, jembe au daftari mkononi. Siku ya kumi na mbili Straton alifika. Ufunguo mpya ulikuwa wa kijani vilevile, na pamoja nao ilikuja diski yenye toleo jipya la programu, kwa kuwa matunzo ya mwaka yalikuwa yamelipwa. Papa aliuchomeka. Kitaa kiliwaka. Mistari ikaanza kutembea kwenye kioo, na baada ya siku sita Mama Pétronille aliondoka kwenda Pinga na ramani kifuani, chini ya nguo tatu, isiguswe na mvua.

Mpira mpya wa Darius ulisukwa na Kétsia mwenyewe. Wavulana waliukagua, wakaukataa mara mbili, mara ya tatu wakaupokea, wakilalamika kwamba siku hizi mpira unakwenda moja kwa moja mno.

Jioni moja Mama Kaswera alitoa sketi ya bluu, iliyotiwa kiraka kwenye pindo, akatunga uzi kwenye sindano. Papa aliuweka ufunguo mpya mezani, mbele ya Kétsia.

"Apana, Papa," Kétsia alisema akirudi nyuma. "Mpe Darius. Ao ubebe wewe."

"Utaubeba wewe. Darius ataupiga penalti." Papa aliusogeza karibu naye. "Sikiliza, mama. Kila mwaka ninatoa hela kidogo wakati kitu bado kizima, ili siku kikiharibika nisilie. Mama yako anacheka, mwache acheke. Kusema ukweli ni hivyohivyo. Ukiusema siku ileile kosa limetokea, unalipa kidogo: aibu ya saa moja, kufokewa, basi. Ukiuacha, unapanda bei kila siku, na anayelipa si wewe peke yako. Sikupi ufunguo kwa sababu hautaungua tena. Unaweza kuungua. Nakupa kwa sababu najua ukiungua, nitaambiwa."

Kétsia aliuchukua. Alishona kijifuko mwenyewe, mishono midogo, akakata uzi kwa meno.

Mama Kaswera aliukagua mshono, akautingisha, akaridhika. Kisha akamgeukia mumewe, akakunja uso kama hakimu.

"Na wewe, Papa Kétsia. Desemba imekaribia. Hiyo dola sabini ya matunzo ya mwaka ujao umeshaituma ao unangoja nikukimbize?"